Mnyoo anayetaka samaki wake aliwe

Haya jamani tuanze, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo naongelea mnyoo mmoja tu, mdogo kiasi kwamba bila darubini humwoni, jina lake la kitaalamu Euhaplorchis californiensis, anaishi kwenye vinamasi vya maji chumvi huko California. Nimemchagua kwa sababu watu wakisikia kimelea wanawaza samaki kukonda, kuoza, kufa, basi. Huyu mnyoo, samaki wake akijifia tu amemtia hasara. Yeye anataka aliwe, tena na ndege.

Mzunguko wenyewe uko hivi. Minyoo wakubwa wanakaa kwenye utumbo wa yangeyange na makorongo, wanataga, ndege akinya mayai yanadondokea topeni, konokono anajilia tope lake na mayai anayabugia humo humo. Ndani ya konokono ndo kuna balaa, wanazaliana na kuharibu kabisa sehemu zake za uzazi, yaani konokono yuko hai, anakula, anatambaa, ila hazai tena, chakula anachotafuta kinaishia kutengeneza mabuu wa watu wengine! Na mabuu hao msiwadharau, mwaka 2008 ulitoka utafiti wa vinamasi vya aina hii, California na Baja California ya Mexico, ukaonyesha mabuu wa minyoo bapa, yaani kundi la huyu mnyoo wetu, wanaotolewa na konokono kwa mwaka wana uzito kuliko ndege wote wa pale ukiwajumlisha.

Sasa buu akimpata samaki, ni visamaki vidogo tu vya pwani ile, anapenya, anafuata mishipa ya fahamu mpaka kichwani, anajifungia kwenye kifuko juu ya ubongo na kutulia. Samaki mmoja anaweza kubeba zaidi ya 1,000. Na ukimwangalia anaonekana mzima, anakula vizuri, hana kidonda.

Mwaka 1996 watafiti wawili, Kevin Lafferty na Kimo Morris, wakatoa majibu ya utafiti wao juu ya samaki hao. Kwanza waliwatazama tu hao samaki, wenye minyoo wanajigeuza ubavu mpaka tumbo linameremeta, wanatetemeka, wanapanda juu ya maji, vituko hivyo walivifanya mara 4 zaidi ya wasio na minyoo. Alafu wakawachanganya wazima na wagonjwa kwenye uzio kinamasini, ndege wakaachiwa waingie, na waliobeba minyoo wakaliwa mara 10 mpaka 30 zaidi ya wenzao. Mi hapo ndo huwa nasimama, maana mara 30 siyo bahati mbaya ya samaki mmoja mzembe.

Anafanyaje? Ubongo hautafuni. Utafiti wa 2009 uliona serotonini na dopamini, kemikali ambazo ubongo unazitumia kwenye mwendo na kwenye kushtuka, zinafanya kazi tofauti kwa samaki walioambukizwa, na minyoo wakiwa wengi na badiliko linakuwa kubwa.

Eeh, dada pale mbele kauliza, kwani yangeyange hajifunzi kumkwepa samaki wa hivyo? Swali zuri. Kumkwepa kuna faida gani kwake? Mnyoo ni mdogo, tumboni mwa ndege hana madhara makubwa, na samaki anayekuja juu mwenyewe anakamatika bila jasho, kwaiyo ndege akianza kuchagua atalala njaa.