Kuchagua swichi ya netiweki ya nyumbani kabla hujashuka Kariakoo

Habari zenu jamani, wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo. Leo hatutoboi ukuta wala hatupandi darini, leo tunachagua swichi ya netiweki ya nyumbani, yani kile kiboksi chenye poti nyingi, unakiletea waya mmoja kutoka kwenye rauta halafu chenyewe kinagawa kwa TV, kompyuta, kamera na zile wifi za ziada za vyumbani. Nimeamua kuifanya hii kwa sababu watu wengi siku hizi wameingiza faiba, nyumba ina ghorofa au ina vyumba vya uani, wifi ya rauta haifiki, wanaambiwa kanunue swichi, mtu anashuka Kariakoo anasema "nipe swichi ya poti nane" na muuzaji anampa ile iliyo karibu na mkono wake, imeisha hiyo.

Niliweke hili wazi mapema: swichi haiongezi spidi ya intaneti. Kifurushi chako kama ni megabiti 20 basi ni 20, hata ununue swichi ya milioni. Kazi yake ni humu ndani. Ni kama mjumbe wa nyumba kumi, anajua nani anakaa wapi, barua ikija anaipeleka kwenye mlango husika, hagongi milango yote. Kila kifaa kina anwani yake ya MAC, swichi inazikariri, kwa hiyo picha za kamera zinaenda kwenye mashine ya kurekodi moja kwa moja bila kuisumbua TV ya sebuleni.

Haya, hatua ya kwanza chukua karatasi na peni, zunguka nyumba yako uandike kila kitu kitakachopata waya. Sio simu, simu zinabaki kwenye wifi. Tuchukue nyumba ya Tabata au Kimara ya kawaida tu: TV moja, kompyuta ya kazi moja, mashine ya kurekodi kamera moja, wifi ya juu moja, wifi ya nyumba ya uani moja. Hizo tano. Sasa mtu anakimbilia swichi ya poti tano, akifika nyumbani anakuta waya unaotoka kwenye rauta hauna pa kukaa, maana na wenyewe unakula poti! Kwa hiyo ni sita, na sita maana yake unanunua ya nane, mbili zinabaki kwa ajili ya kesho. Mimi ya poti tano naiona inafaa nyuma ya TV tu, pale penye TV, king'amuzi na gemu ya watoto.

Hatua ya pili watu wengi wanairuka. Geuza lile boksi la faiba ulilofungiwa na mafundi wa kampuni, kwa wengi ndo rauta yenyewe, angalia poti zake za LAN, yani zile za kuchomekea waya wa kwenda kwenye vifaa vya ndani. Kuna maboksi ambayo poti zote nne ni gigabiti, yani megabiti 1000, kuna ambayo moja tu ndo gigabiti na tatu zilizobaki ni za megabiti 100, na kuna ambayo zote ni 100. Kwa nje zinafanana, so angalia maandishi, ukiona GE hiyo ni gigabiti, ukiona FE hiyo ni 100, na kama hamna maandishi chukua namba ya modeli iliyo kwenye stika ya chini uitafute mtandaoni. Swichi yako ichomeke kwenye ile ya gigabiti, sio kwenye yoyote iliyo wazi.

Hatua ya tatu sasa tuko dukani. Naomba muangalie hapa kwenye kamera, nimeshika maboksi mawili, yote TP-Link, yote poti tano, ukiyaweka kwenye shelfu utasema ni pacha. Hili limeandikwa TL-SF1005D, hili TL-SG105. Ona hizo herufi mbili, SF na SG. SF ni ile ya zamani, 10/100, mwisho wake megabiti 100 kwa kila poti. SG ni gigabiti, 10/100/1000, yani mara kumi. Muuzaji atakwambia "zote ni swichi kaka, tofauti ni plastiki na chuma", sio kweli, mzoee tu kutafuta ile 1000 kwenye boksi. Kampuni nyingine zina herufi zao lakini ile 10/100/1000 au neno Gigabit lazima liwepo, lisipokuwepo rudisha. Na usiseme intaneti yangu ni 20 kwa hiyo 100 inanitosha, kwa leo inatosha kweli, ila siku ukihamisha mafaili makubwa toka kompyuta kwenda kompyuta, au ukipandisha kifurushi kuvuka mia, unarudi tena dukani. Plastiki au chuma hiyo ni hiari, mi napendelea chuma kwa Dar kwa sababu ya joto, kinapoa vizuri na unaweza kukitundika kwa skrubu.

Zile za gigabiti 2.5 zipo, ni nzuri, kama huna mashine ya kuhifadhia mafaili ya familia nzima achana nazo kwa sasa.

Hatua ya nne ni kamera, na hapa naomba tutulie kidogo maana ndo hela nyingi zinapopotea. Kwanza jua kamera zako ni za aina gani. Kama zinatumia ule waya mnene wa mviringo kama wa antena, zenye DVR, yani mashine ya kurekodi ya kamera za aina hiyo, hizo hazihusiani na swichi kabisa, ni DVR peke yake inayochukua poti moja. Kama ni za IP, zenye kichwa cha RJ45, kile cha plastiki cha waya wa netiweki, hizo zinaweza kupata data na umeme kwenye waya mmoja, ndo inaitwa PoE. Angalia tena nyuma ya mashine yako ya kurekodi, nyingi zinakuja na poti za PoE humo humo, kama zipo huhitaji swichi ya PoE, fundi anayekulazimisha ununue muulize vizuri kwa nini.

Kama hazipo basi piga hesabu ya wati. Kuna viwango viwili utakutana navyo sana, 802.3af inatoa mpaka wati 15.4 kwa poti, na 802.3at inatoa mpaka wati 30. Lakini hiyo ni kwa poti moja, swichi nzima ina jumla yake na hiyo jumla ndo ya kuangalia. Mfano hii hapa TL-SG1005P, poti tano, nne zinatoa umeme, jumla wati 65. Tuseme kamera nne, kila moja inakula wati 7 usiku taa zake za giza zikiwaka, hiyo 28, bado umebakiwa na nafasi ya kutosha. Sasa uwe na kamera tatu pamoja na wifi ya dari inayotaka wati 12, hiyo 21 jumlisha 12 ni 33, bado fresh. Unachotakiwa ni kubakiza angalau robo ya jumla, usiibane mpaka mwisho. Halafu mtego mwingine, boksi limeandikwa poti nane na PoE kwa herufi kubwa, ukisoma chini unakuta poti nne tu ndo zinatoa umeme, TL-SG1008P ni hivyo. Sio kosa, imeandikwa, ila mnunuzi mwenye kamera sita akisoma herufi kubwa tu kapigwa.

Na kaa mbali na ile PoE ya kulazimisha ya volti 24 kama hujui unachofanya. PoE ya kiwango huwa inauliza kifaa kwanza ndo inapeleka umeme, ile nyingine inapeleka tu, ukichomeka kitu kisichohusika unaweza kukiunguza.

Hatua ya tano, swichi za kuseti na zisizo za kuseti. Zisizo za kuseti unachomeka tu inafanya kazi, na kwa familia nyingi hiyo inatosha, sitaki kukuzungusha. Ya kuseti, mfano TL-SG108E, unaihitaji kama una wapangaji uani unaowagawia intaneti, au una chumba cha wageni, unataka wao waone intaneti lakini wasione kamera zako wala kompyuta ya kazi. Hapo unatenganisha kwa VLAN, yani kuigawa netiweki moja iwe mafungu yasiyoonana. Lakini jua kwamba na rauta nayo lazima iijue VLAN, rauta ya MikroTik hEX inaijua, boksi la faiba la bure mara nyingi halikupi nafasi hiyo, kwa hiyo usinunue swichi ya kuseti peke yake ukadhani umemaliza.

Sasa hatua ya sita, na hapa ndo msimamo wangu: hela yako iweke kwenye waya kuliko kwenye swichi. Swichi ukikosea unabadilisha jioni moja, waya ukishapita kwenye bomba ukutani na plasta juu, utabadilisha vipi? Chukua waya wa netiweki wa daraja la Cat5e au Cat6, wa kopa tupu. Mtaani kuna waya umeandikwa Cat6 lakini ndani ni aluminiamu iliyopakwa kopa, boksi lake limeandikwa CCA kama mwenye kiwanda ni muungwana. Muombe muuzaji kipande, chuna uzi mmoja, ukwangue kwa wembe hivi... mnaona? Ukibaki mwekundu ni kopa, ukiwa mweupe ni aluminiamu. Ule mweupe unakatika ovyo na kwa PoE unapata moto na kupoteza umeme njiani, kamera ya getini inazima usiku inawaka asubuhi, mnaanza kusingizia wezi.

Na fundi wako mwambie afunge nyuzi zote nane. Wapo wanaogawa waya mmoja kwa vitu viwili, nyuzi nne huku nne kule, kazi inaonekana imeisha. Megabiti 100 inatumia nyuzi nne tu kwa hiyo itawaka, lakini gigabiti inataka zote nane, kwa hiyo umenunua swichi ya 1000 unapata 100. Urefu usizidi mita 100.

Pa kuiweka: sio darini chini ya bati. Swichi nyingi za nyumbani zimeandikiwa mwisho digrii 40, na dari ya bati mwezi wa kwanza saa nane mchana inapita hapo bila shida. Weka kwenye stoo au juu ya kabati karibu na rauta. Wa Kigamboni na Mbezi Beach mlio jirani na bahari, zile poti msizotumia zizibeni na vifuniko vya mpira, chumvi inakula zile pini.

Umeme nao, TANESCO wakikata, swichi ndogo nyingi zina adapta ya volti 5, 9 au 12, soma adapta yako ndo ununue ile UPS ndogo, yani betri ya akiba, inayolingana nayo, swichi na rauta zitakaa masaa kadhaa. Ya PoE haiendi hapo, yenyewe inataka volti kama 48 mpaka 54, hiyo mpe UPS ya kawaida ya kuchomeka ukutani.

Umeshanunua, dai risiti ya EFD iandikwe modeli kamili, maana ukisema "swichi" tu siku ya warantii mtabishana. Ukifika nyumbani chomeka, waya mmoja toka rauta mmoja tu, usiunganishe swichi na rauta kwa nyaya mbili ukidhani ndo spidi mara mbili, taa zote zitawaka kwa fujo na nyumba nzima itakosa intaneti mpaka utoe mmoja. Halafu kwenye kompyuta ya Windows bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl, ingia kwenye Ethernet, angalia Speed. Ikisoma 1.0 Gbps mambo safi. Ikisoma 100.0 Mbps jaribu waya mwingine mfupi kwanza, ukisoma 1.0 basi swichi haina kosa, rudi kwenye vichwa vya ule waya wa ukutani, kata, ubane upya, na uangalie hasa uzi wa bluu na wa kahawia, mara nyingi ndo hizo hazijakaa. Mwenye boksi la faiba asiyezielewa poti zake aandike modeli hapo chini nitamjibu.