Semina ya Siku Mbili Haimfunzi Mtu Kushughulikia Kiwewe

Hamjambo nyote. Humu ukumbini naona wauguzi, walimu, na maafisa wa dawati la jinsia, basi nianze na kosa la watu wenye nia njema: kumtaka manusura wa ukatili asimulie yote siku ile ile. Zamani iliaminika kwamba akimwaga yote kwa kikao kimoja atapona. Utafiti ulionyesha hakimkingi, na wengine huzidi kuumia. Shirika la Afya Duniani halikipendekezi.

Mwongozo wake wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia una hatua tatu: angalia, sikiliza, unganisha (yaani mfikishe kwenye huduma na watu wake). Kuzikariri ni rahisi. Kazi iko kwenye igizo.

Mkiwafundisha wengine, wagawe wanafunzi watatu watatu: mhudumu, mhudumiwa, na mtazamaji anayeandika maneno ya mhudumu neno kwa neno. Dakika kumi, kisha wabadilishane. Mkisoma yale maandishi mtakuta "usilie, mama", "Mungu ana makusudi", na lile baya kuliko yote, "kwa nini ulipitia huko usiku?" Swali la kwa nini humfanya ajitetee. Afadhali: "Uko zahanati, mlango nimeufunga. Tuanze na maji, au tumpigie mtu wako simu?" Anapewa uamuzi mdogo, kwa sababu aliyoporwa ni mamlaka juu ya mwili wake. Akianza kutetemeka, akanyage sakafu, ataje vitu vitano anavyoviona. Msimshike bila kumwuliza.

Kwa aliyebakwa, kuunganisha kuna saa: dawa za kuzuia HIV ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Mazungumzo marefu yasimcheleweshe. Namba 1195, simu ya msaada nchini Kenya kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni ya bure.

Wanaobaki na dhiki wanahitaji zaidi. Hapa Nairobi, wahudumu wa afya ya jamii wasio wanasaikolojia waliwahudumia wanawake waliopitia ukatili, vikao vitano vya dakika tisini, na dhiki ikapungua. Matokeo yalichapishwa 2017. Lakini walikuwa na wasimamizi, na usimamizi ndicho kifungu cha bajeti wafadhili hukata kwanza (chakula cha hotelini hakikatwi!).

Bila usimamizi baada ya semina, watu hurudia kuhubiri. Msimamizi naye asiulize "kazi inaendeleaje?" Ataambiwa "poa". Aulize: mhudumiwa alisema nini, nawe ukamjibu vipi, kwa maneno yale yale? Halafu amwulize mhudumu analala kwa saa ngapi.