Mbolea yako inashuka na maji: mhadhara kwa wakulima, Moshi

Karibuni, sogeeni mbele kidogo, nyie mliokaa kule nyuma chupa hamtaziona. Hizi ni chupa za maji tu nimezikata kitako nikaziba mdomo kwa kitambaa, ndani nimejaza udongo mweusi wa huku chini, wa mbugani. Ya kwanza namwagia GV, ile dawa ya zambarau ya duka la dawa. Ya pili rangi nyekundu ya keki. Tusubiri... haya mama hebu tuambie kimetoka nini? Ya GV maji yanatoka karibu meupe, nyekundu imepauka kidogo lakini bado nyekundu. Udongo ule ule, maji yale yale!

Iko hivi. Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi. GV ina chaji chanya kwa hiyo inanaswa, rangi ya keki ni hasi inasukumwa inapita zake. Na shambani ndo hivyo hivyo, potasiamu, kalisi, magnesi na amoniamu ni chanya, zinashikiliwa. Naitreti, aina ya naitrojeni inayoliwa na mmea, ni hasi, haina wa kuishika, mvua ikizidi inashuka nayo chini ya mizizi na huko mahindi hayafiki.

Sasa njoo kwenye yuria. Mfuko wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23, hiyo ndo hela uliyonunulia, mengine ni mzigo. Ukiiweka inageuka amoniamu, inashikika vizuri, ila bakteria wa udongoni kwenye joto na unyevu ndani ya wiki chache wanaigeuza naitreti. Alafu mtu anamwaga mfuko mzima siku ya kupanda, masika yenyewe ndo inaanza kuchanganya, mahindi yana majani mawili, anakula nani hiyo mbolea? Mi naona ni kulisha mto, bora ugawe, nyingine uweke yakifika magotini. Na samadi usiidharau, mboji ndo inaongeza pa kushikia, hasa mwenye kichanga.

Mzee wangu ameuliza mbona kihamba, shamba lake la nyumbani la migomba na kahawa, kinakuwa na tindikali wakati mbolea anaweka kila mwaka. Shikamoo mzee, mbolea yenyewe imo kwenye kesi! Naitreti haitoki peke yake, lazima ibebe mwenzake mwenye chaji chanya, kwa hiyo inaondoka na kalisi na magnesi, na ile kazi ya bakteria kugeuza amoniamu inaacha tindikali nyuma. Mvua ya mlimani mnaijua ilivyo, miaka na miaka udongo unachujwa. Ndo maana tunasema chokaa, maana inapunguza tindikali na kurudisha kalisi, ila pima udongo kwanza usiende kwa kukisia.

Huku tambarare kwenye mpunga na miwa kilio ni kingine, mvua chache, jua kali, maji ya mfereji yanakauka juu yanaacha chumvi mpaka unaona ukoko mweupe. Hapo sasa unataka hicho hicho tunachokilalamikia mlimani, unamwagilia zaidi ya mmea unavyohitaji ili chumvi ishuke. Lakini bila mtaro wa kutoa maji usijaribu, maji ya chini yatapanda na chumvi yake itarudi juu.

La mwisho, wenzetu wa upande wa Mlima Meru, kule Maji ya Chai. Miamba ya volkano ile ina floridi, maji yakipita yanaiyeyusha, na kwa kuwa yana sodiamu nyingi na kalisi kidogo floridi haipati wa kugandana naye, inabaki humo humo hadi kwenye kikombe. Meno ya watoto yanakuwa ya kahawia. Kiwango cha sasa ni miligramu 1.5 kwa lita, zamani tuliruhusiwa mpaka 4. Dada kauliza kuchemsha, hapana dada yangu, ukichemsha maji yanapungua floridi inabaki, inazidi kukolea. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, pale kituo cha utafiti cha Ngurdoto wameufanyia kazi miaka mingi, floridi inashikwa na mfupa maji yanapita. Ila mkaa unachoka, ukishachoka unapitisha floridi na kwa macho wala ulimi hutajua, kwa hiyo maji yapimwe na mkaa ubadilishwe.