Mvinyo Mwekundu wa Italia kwa Msimu wa Vuli: Anza na Sufuria, Jina Baadaye

Habari zenu jamani, karibuni jikoni kwangu hapa Torino. Ni Oktoba, baridi imeshaanza kuingia. Sokoni pichi na nyanya za kiangazi zimepisha maboga, uyoga wa porcini na castagne, zile kokwa za kahawia zinazochomwa mkaani. Chakula kikibadilika, chupa nayo ibadilike. Leo nawaonyesha namna ya kuchagua mvinyo mwekundu wa Italia wa msimu huu, bila kubabaishwa na majina makubwa na bila kutoboa mfuko. Wasiotumia kilevi, tuonane video ijayo, hiyo itakuwa ya maboga matupu.

Hatua ya kwanza: kabla hujagusa chupa, amua unapika nini. Wengi huanza kinyume. Mtu amesikia Barolo, mvinyo mwenye jina kubwa, anainunua, anaifungua na samaki wa kukaanga, halafu anatangaza kwamba mvinyo wa Italia ni mchungu. Mvinyo hauna kosa, umepelekwa kwenye shughuli isiyo yake. Mivinyo hii mingi imezoea kukaa mezani na sahani, siyo kunyweka peke yake kwenye kochi.

Yapo mambo mawili ya kuyasikiliza mdomoni. La kwanza ni ukakasi, ule unaokaza fizi na kukausha ulimi kama umetoka kula bibo. Unaletwa na tanini, iliyomo kwenye maganda na mbegu za zabibu. Ukakasi unapatana na nyama iliyoiva taratibu kwa saa nyingi na jibini iliyokomaa. Ukikutana na mafuta na nyama, unalainika. La pili ni ugwadu, ule unaokujaza mate. Huo unakata mafuta na unaelewana sana na nyanya. Ukijua sahani yako inahitaji kipi kati ya hivyo viwili, huna haja ya kukariri majina mia.

Hatua ya pili, lebo. Nasogeza kamera, tazameni shingoni. Mnauona huu ukanda wa karatasi wenye namba, unaopita juu ya kifuniko? Ni muhuri wa serikali, na kila chupa ya DOCG, daraja la juu kabisa la mvinyo wa Italia, lazima iwe nao. Chini ya DOCG kuna DOC, kisha IGT. Madaraja haya yanakueleza mvinyo umetoka wapi na umefuata masharti gani. Hayakuahidi kwamba utaupenda, na wala hayapangi bei: ziko IGT za Toscana zinazouzwa kwa mamia ya euro. Ukiona Classico, maana yake zabibu zimetoka kwenye eneo la asili la mvinyo huo. Riserva, umekaa muda mrefu zaidi kabla ya kuingia sokoni. Superiore, kwa kawaida kilevi kimezidi kidogo. Basi, mengine kwenye lebo ni mapambo.

Isipokuwa mtego mmoja unaowanasa wengi. Montepulciano d'Abruzzo inatengenezwa kwa zabibu iitwayo Montepulciano, upande wa bahari ya Adriatiki. Vino Nobile di Montepulciano inatoka mji wa Montepulciano, Toscana, na sehemu kubwa yake ni zabibu ya Sangiovese. Hazina undugu wowote. Ya Abruzzo ni nafuu, nyeusi, laini, nzuri kwa soseji za kuchoma. Usije ukalipia moja ukitegemea ladha ya nyingine.

Hatua ya tatu ndiyo yenyewe, tulieni. Namimina kidogo mvinyo wa zabibu iitwayo Nebbiolo, nainamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Mnaona? Maandishi yanasomeka kupitia mvinyo. Rangi imefifia, na pembeni inaelekea kwenye rangi ya tofali. Ukiitazama utadhani ni kinywaji chepesi. Haya, naonja... fizi zimekaza papo hapo! Harufu yake ni waridi lililokauka, na kwa mbali lami. Ndivyo Nebbiolo ilivyo, usiihukumu kwa macho.

Barolo ni Nebbiolo tupu, kutoka vijiji 11 vya milima ya Langhe, kusini mwa hapa nilipo. Sheria inataka ikae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya pipa la mbao. Riserva ni miezi 62. Miaka yote hiyo kuna mtu analipia ghala, na wewe ndiye utakayemrudishia gharama zake. Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa wa leo ni huu: kila mvinyo mkubwa wa Italia una mdogo wake. Mtafute huyo. Mdogo wake Barolo ni Langhe Nebbiolo: zabibu ileile, mara nyingi milima ileile, ila haikulazimishwa kusubiri miaka, na bei yake mara nyingi ni nusu au chini ya hapo. Ikitoka kwa mkulima mzuri, mimi naichagua hiyo bila kufikiri mara mbili. Ipikie brasato, yaani pande la nyama ya ng'ombe lililolowekwa kwenye mvinyo na kuiva polepole, au uyoga wa porcini uliokaangwa kwa siagi. Wenye fedha wataongeza tartufo nyeupe ya Alba, aina ya uyoga adimu unaoota chini ya ardhi. Maonyesho yake huanza Oktoba, na bei yake sisi wengine tunaisikia tu.

Kanuni hiyohiyo inakwenda nchi nzima. Brunello di Montalcino ni Sangiovese tupu, na haiuzwi mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Mdogo wake, Rosso di Montalcino, zabibu ileile, anaruhusiwa kutoka Septemba ya mwaka unaofuata. Ukiingia dukani huna hata haja ya kujifanya mjuzi. Onyesha ile ghali iliyokaa juu, muulize muuzaji mdogo wake yuko wapi. Anayeijua kazi yake atafurahi kuulizwa hivyo.

Kaskazini mashariki, karibu na Verona, kuna Amarone. Zabibu zikishavunwa hazikamuliwi, zinaanikwa kwa miezi mitatu au minne hadi zinasinyaa, ndipo zinakamuliwa. Maji yamepungua, sukari imekolea, kwa hiyo kilevi hakishuki chini ya asilimia 14 na mara nyingi kinafika 15 au 16. Tafadhali, si mvinyo wa mchana wa siku ya kazi. Mdogo wake anaitwa Valpolicella Ripasso: mvinyo wa kawaida wa Valpolicella uliopitishwa tena juu ya maganda yaliyobaki kwenye Amarone, ukaokota uzito kidogo. Huo na polenta, yaani ugali wa Waitaliano wa mahindi ya manjano, juu yake mchuzi mzito wa nyama... sisi wala ugali hatuna la kuelezwa hapo.

Boga ni habari nyingine. Lina utamu, na ukakasi mwingi juu ya utamu unaleta uchungu. Hapo iache Nebbiolo, chukua Barbera, ama ya Asti au ya Alba. Ugwadu wake ni mwingi, ukakasi kidogo, na bei ya kiungwana. Risotto ya boga, yaani wali mzito wa Kiitaliano, tambi za mchuzi wa nyanya, hata pilau, Barbera haigombani na mtu.

Kwa nyama ya kuchoma, au supu ya maharage na mkate ile ya Toscana, Chianti Classico. Tafuta jogoo mweusi shingoni mwa chupa. Angalau asilimia 80 ni Sangiovese, na eneo ni kati ya Firenze na Siena, ambalo mipaka yake ya kwanza iliwekwa na mtawala Cosimo III wa Medici mwaka 1716. Kusini napita haraka, haki yake ni video nzima: Etna Rosso kwa uyoga, Aglianico del Vulture kwa kondoo.

Na zile castagne za mkaani? Hizo zina mvinyo wao, novello, wa mavuno ya mwaka huuhuu, unaoruhusiwa kuuzwa kuanzia Oktoba 30. Watu huku huufungua hasa Novemba 11, sikukuu ya Mtakatifu Martino. Mwepesi, una harufu ya matunda, hauna makuu. Unywe mwaka haujaisha. Ukiukuta dukani Aprili umepunguzwa bei, uache hukohuko.

Hatua ya nne: joto. Wanaosema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba walikuwa na nyumba za mawe zisizo na hita. Mizito kama Barolo na Amarone inataka nyuzi 16 hadi 18, myepesi 14 hadi 16. Hapa Torino hita ikiwaka, dakika 15 za friji zinatosha. Nyinyi wa Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wamejaa na chupa hizi mnakutana nazo, chumba chenu ni nyuzi 30. Wekeni friji saa moja au zaidi kidogo, la sivyo mtasikia kilevi peke yake.

Nebbiolo changa ifungue saa moja kabla ya kula, na uimimine kwenye jagi. Kuzibua tu hakusaidii, shingo ya chupa ni nyembamba mno kupitisha hewa ya maana. Barbera na novello hazihitaji haya. Kabla hujawamiminia wageni, nusa. Ukisikia harufu ya boksi lililolowa, kizibo kimeuharibu mvinyo. Haudhuru, ila raha imekwisha. Urudishe dukani na kizibo chake.

Ukibaki, uzibe, uweke friji, unywe ndani ya siku tatu. Langhe Nebbiolo aghalabu huwa tamu zaidi siku ya pili. Baada ya hapo mimina kwenye sufuria ya nyama mapema, uuache uchemke hadi upungue, na ndimu au nyanya uongeze mwishoni baada ya kuonja, maana mvinyo ukipungua motoni ugwadu wake unakolea.