Jibini Huingia Mwisho

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Nimeombwa nizungumzie rojo la kuku la kuchovya, lile la moto lenye pilipili, linalopikwa kwenye chungu cha umeme cha kupikia polepole. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mara ya kwanza nilitumbukiza kila kitu kwa mpigo: kuku, sosi ya pilipili, jibini laini, jibini gumu lililokunwa. Nikafunika, nikaenda zangu. Baada ya saa 6 nafunua, nakuta mafuta ya rangi ya chungwa yanaelea, na chini yake chengachenga kama maziwa yaliyokatika. Wageni wameshakaa. Walikula, kwa adabu zao.

Jibini ni protini, mafuta na maji vilivyoshikamana. Ukilipasha moto muda mrefu, tena ndani ya sosi yenye siki, protini hujikaza, hukamua maji na kuyaachilia mafuta. Hapo utakoroga mpaka mkono ufe ganzi. Chungu hiki ni cha kuku. Jibini ni mgeni wa dakika za mwisho.

Kwa hiyo kuku aanze peke yake. Gramu 700 za nyama isiyo na mifupa, nusu kikombe cha sosi, moto wa chini, saa 3 hadi 4, mpaka katikati ya nyama ifike nyuzi 74 za Selsiasi. Mimi napenda paja. Kidari kikipitiliza kidogo tu kinakuwa kama pamba, lakini paja lina ule ute unaoyeyuka taratibu na kuilainisha nyama. Asiwe kuku wa barafu, jamani: chungu hupata moto polepole, na nyama itakaa mno kati ya nyuzi 4 na 60, ambako bakteria hustawi. Na mfuniko uacheni! Kila ukichungulia, mvuke unatoka na safari inarefuka.

Akiiva, mtoe umchambue kwa uma mbili. Sasa tazama chunguni: kuna supu nyingi, kwa kuwa chungu kilichofunikwa hakikaushi maji. Watu wengi hapa ndipo wanapoharibu. Chota karibu yote uiweke kando; utarudisha kijiko kimojakimoja rojo likiwa zito mno.

Rudisha kuku, tia gramu 450 za jibini laini ulilolitoa kwenye friji mapema na kulikata vipande. Nusu saa, moto uleule wa chini, koroga. Jibini gumu linafuata, konzi kwa konzi, na ulikune mwenyewe. Lile la pakiti hupakwa unga lisigandamane, nalo huacha chokaachokaa ulimini.

Pilipili ionjwe sasa, si kabla. Kapsaisini, ile inayowasha, huyeyuka kwenye mafuta, na protini ya maziwa huidaka, hivyo sosi iliyokutoa machozi mwanzoni sasa imepoa. Bakiza kiasi cha kuongezea hapa. Ndiyo maana pia anayeungua mdomo apewe maziwa, si maji.

Mezani, weka swichi ya kutunza joto, lisishuke chini ya nyuzi 60. Chovyeni kwa karoti, seleri au mkate uliokaushwa. Krispi nyembamba hukatikia humo ndani, na hapo ndipo vidole vinapoanza kuingia chunguni.