Betri Haifi kwa Sababu ya Televisheni

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za mchana. Asanteni kwa kuacha kazi zenu mkaja.

Nianze na usiku wa tarehe 12 Julai 1998, fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa na Brazil. Sebuleni kwa baba mdogo tulijaa mpaka dirishani. Televisheni yenyewe ilikuwa ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, imeungwa kwenye betri ya gari kwa vibanio viwili. Zidane akafunga kwa kichwa, akafunga tena kwa kichwa. Kipindi cha pili kilipoanza, picha ikaanza kusinyaa. Wanaozikumbuka TV za chogo wanajua: betri ikilegea hazizimiki ghafla. Weusi huanzia pembeni, ukasogea ndani taratibu, mpaka tukawa tunatazama mpira kwenye kijidirisha kama bahasha. Kisha giza. Bao la tatu, la Petit, tulilisikia redioni asubuhi.

Baba mdogo aliilaumu televisheni. Betri akaiweka nyuma ya mlango, tupu, wiki mbili. Alipoipeleka kuchajiwa haikushika tena, na fedha ya kununua nyingine haikupatikana mwaka ule. Ndiyo maana nimekuja leo. Televisheni haikuwa na kosa. Betri ile iliuawa mara mbili: kwanza kwa kukamuliwa hadi tone la mwisho, pili kwa kulazwa tupu. Betri ya asidi ikikaa bila chaji, ukoko mgumu hujijenga juu ya mabamba yake ya risasi, na ukishakomaa hakuna chaja itakayoutoa.

Sasa tufanye hesabu, maana ni jambo la kufanywa kabla ya kwenda dukani. Televisheni ya LED ya inchi 32 nyingi hula kama wati 40. Ongeza king'amuzi, wati 12 hivi. Zamani antena ilitosha, lakini tangu Dar es Salaam ilipozima analojia tarehe 31 Desemba 2012 na mikoa mingine ikafuata, king'amuzi nacho ni mlaji wa kila usiku, na watu wengi husahau kukihesabu. Ukipitisha umeme huo kwenye inveta, kile kifaa cha kupandisha volti za betri, nayo inachukua chake, jumla inafika wati 60. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 5. Kila saa mnayokaa mbele ya kioo, betri inatoa ampea 5. Taarifa ya habari na tamthilia, ampea 5 kwa saa tatu, ni ampea-saa 15.

Betri ya gari ya N70 ina kama ampea-saa 70. Mtu atasema, basi nitatazama saa kumi na nne! Hapana. Betri ya gari imetengenezwa kupiga stata: kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe tena na injini. Mabamba yake ni membamba. Ukiikamua chini ya nusu kila usiku, haikupi mwaka. Kwa hiyo ampea-saa zako za kweli ni 30, pengine 35, tena betri ikiwa mpya. Anayeweza kuongeza fedha anunue betri ya sola, ile ya mabamba mazito. Asiyeweza, aiheshimu nusu.

Kuhusu inveta nina neno kali kidogo. Betri ni volti 12. Inveta inazipandisha hadi 230, halafu televisheni ndani yake inazishusha tena. Unapanda mlima na ndoo ya maji kisha unateremka nayo, na njiani unamwaga. Nimekuta nyumba yenye inveta ya wati 1000 inayohudumia televisheni moja ndogo, nayo inakula hata televisheni ikiwa imezimwa. Ukiweza, nunua televisheni yenye tundu la volti 12, uiunge moja kwa moja. Soma maandishi ya nyuma kwanza. Betri inayochajiwa hupanda mpaka volti 14 na zaidi, na si kila televisheni ya volti 12 inastahimili hizo.

Ukishaunga hivyo, waya unakuwa jambo kubwa. Chukua waya wa milimita 1.5, betri ikae mita tano kutoka televisheni. Kwenda na kurudi ni mita kumi. Kwa ampea 5, zaidi ya nusu volti inapotelea humo. Betri ina 12.2, televisheni inaona 11.6, inazima, nawe unadhani betri imekwisha. Weka waya wa milimita 4, au sogeza betri. Na fyuzi ikae karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri. Nyaya zikigusana bila fyuzi, zinawaka.

Maji: kilichopungua ndani ni maji, asidi imebaki. Ongeza maji yaliyosafishwa tu. Dukani maji hayo na asidi vyote huitwa maji ya betri, kwa hiyo uliza mpaka uridhike.

Mama yangu uliyekaa pale mbele umekuja na betri yako, na umesema haijaguswa tangu jana usiku. Vizuri, maana betri hupimwa ikiwa imepumzika. Iliyojaa husoma volti 12.7. Nusu, 12.2. Hii... tazameni wote, 11.9. Haijafa, ila imeshuka mno. Leo usiwashe televisheni. Ipande bodaboda jioni hii hii, imefungwa wima, na umwambie anayechaji asiiharakishe: ampea 6 au 7, usiku kucha, vizibo vimefunguliwa, mahali penye hewa, pasiwe na moto wala sigara. Ikirudi, iache ipumzike usiku mmoja bila kuunga kitu. Keshokutwa asubuhi nitapita kwako na hiki kipimo.