Kamba Moja au Nusu Mbili? Niambie Kwanza Unashukaje

Haya wenzangu, wa nyuma sogeeni mnisikie. Swali naloulizwa kila nikifundisha ni hili, ninunue kamba moja nene ya kupandia miamba au zile nusu mbili nyembamba, na mimi nauliza kwanza, unapanda njia gani, na ukifika juu unashukaje?

Shikeni hii ncha. Mnaona namba 1 ndani ya duara? Hii inatosha peke yake, imejaribiwa kwa kuangushiwa kilo 80 na lazima istahimili mianguko isiyopungua 5. Hii nyingine imeandikwa ½, yenyewe jaribio lake ni kilo 55, kwa hiyo usije ukatangulia juu na uzi mmoja wa hii eti kwa sababu ni nyepesi, nakuomba sana. Zipo na pacha, zile unapitisha zote mbili kwenye kila karabina, ile pete ya chuma inayofunguka, leo tuziache.

Sasa utamu wa nusu uko hapa. Njia ikienda zigizaga, chuma kimoja cha kinga umechomeka mwambani kushoto, kinachofuata mita tatu kulia, kamba moja inapinda kila karabina na msuguano unazidi kujilimbikiza, mpaka kule juu unaivuta uiingize kwenye karabina haiji, kiuno kinarudishwa nyuma kama unaburuta gunia. Ukiwa na nusu, nyekundu inabaki kushoto, bluu kulia, zote zinapanda karibu zimenyooka. Na hili watu wengi hawalijui, unapovuta bluu juu ya kichwa uichomeke, kamba ya ziada uliyovuta ni ya bluu tu, nyekundu haijalegea, ukiteleza sekunde hiyo nyekundu inakudaka mapema. Jiwe kali likikata moja, nyingine ipo.

Halafu kushuka. Nusu mbili za mita 60 ukiziunganisha unashuka mita 60 kwa mkupuo, kamba moja ya 60 ukiikunja katikati ni 30 basi. Mvua ikiwakuta juu ya ukuta mrefu, hiyo tofauti mtaiona.

Ila zina gharama yake jamani. Mbili za milimita 8 ni kama kilo 5 mgongoni, moja ya 9.5 ni kilo 3 na nusu hivi. Na vifaa vingi anavyotumia mwenzako kukushikia kamba, vile vinavyojifunga vyenyewe, vinapokea kamba moja tu, itabidi kile cha matundu mawili.

Kwa hiyo kama njia zako zina bolti zilizokwisha kupigwa mwambani, zimenyooka, na mwenzako anakushusha mpaka chini, chukua kamba moja wala usihangaike. Nusu ni za kuta ndefu zinazozunguka, na hata hapo kazi kubwa anayo anayekushikia, mkono unatoa bluu huku unarudisha nyekundu, akichanganya tu umelegezewa ile iliyotakiwa kukudaka. Hilo mtu hajifunzii ukutani, anajifunzia chini. Njoo wewe wa mbele, shika zote mbili, mimi navuta bluu.